Bosi naye aangalie rasimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Morogoro aliyelalamika kwenye ukurasa huu kuwa kijana aliyemtengenezea tangazo la katuni la sekunde 30 amemdai hela ya ziada kwa sababu ya kubadilisha rangi ya kanga. Kijana huyo simfahamu. Kazi yake naifahamu, maana ndiyo inayonilipia pango hapa Sinza, na naona amehukumiwa bila kusikilizwa.

Tunaanza na storibodi, michoro iliyopangwa kwa kufuatana. Ikitiwa sauti na kila mchoro ukapewa sekunde zake, tunaiita animatiki. Halafu tunawatembeza wahusika ndani ya kompyuta, lakini bado hawana nywele, hawana vivuli, nguo zimewakaa kama ubao: watu wa kijivu ndani ya nyumba ya kijivu. Hiyo ndiyo rasimu anayotumiwa mteja kwa WhatsApp, na kompyuta huitoa kwa dakika chache. Mteja akisema sawa, ndipo tunarenda. Hapo mashine inapiga hesabu ya mwanga kwenye fremu moja moja, yaani kila picha tuli inayounda video, mpaka itoke kamili.

Hesabu yenyewe ni hii. Televisheni zetu huonyesha fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 30 ni fremu 750. Fremu moja ikichukua dakika 8, na kwa kompyuta tulizo nazo wengi wetu hizo si nyingi, tangazo zima ni saa 100. Siku nne na ushee, usiku na mchana, feni inavuma chumbani na watoto wamekatazwa kugusa swichi. (Kila fremu tunaihifadhi kama picha yake peke yake, hatutoi video moja kwa moja. Umeme ukikatika, ukirudi unaendelea ulipoishia.)

Ni kweli rangi ya nguo wakati mwingine hurekebishika bila kurenda upya, kama fundi aliitenga nguo hiyo tangu mwanzo. Lakini kanga nyekundu karibu na ukuta mweupe hutupa wekundu ukutani, hutupa na kwenye kidevu cha mvaaji. Ukiigeuza kanga kuwa ya bluu halafu kidevu kikabaki chekundu, hata mtoto ataona kuna kitu hakiko sawa.

Mimi ninalotaka kusema ni kwamba mara nyingi ugomvi huu hauletwi na mteja mkorofi, unaletwa na mtu asiyefaa kuangalia rasimu. Mwenye kauli ya mwisho haioni. Wanaoiona ni vijana wa ofisini kwake, nao wanaangalia yasiyohusika.

Niliwahi kupewa kazi na taasisi moja, nisiitaje, ya kuhimiza matumizi ya chandarua. Mama anamlaza mtoto, anateremsha chandarua, anazima taa. Nilituma rasimu. Maoni yakaja mengi: mbona mama hana nywele, mbona chandarua kama karatasi, mbona giza halijaingia. Yote hayo yalikuwa yanakuja kwenye kurenda, na nilikuwa nimeyaandika kwenye ujumbe wenyewe. Nikaeleza tena, wakaridhika, wakaandika sawa. Nikarenda. Kile kipande cha chandarua peke yake kilikuwa sekunde 6, yaani fremu 150, na kitambaa chenye matundu mwanga ukipita ndani yake ni mateso kwa kompyuta: kila fremu ilikula kama dakika 20. Zidisha mwenyewe.

Siku ya kukabidhi, mkurugenzi akaiona kwa mara ya kwanza. Akaangalia hadi mwisho, akasema, "Huyu mama hajachomeka chandarua chini ya godoro. Mbu anaingia."

Alisema kweli tupu! Andiko nililopewa lilisema ateremshe, halikusema achomeke, na wote waliopitia rasimu waliona mikono ya mama ikiacha pindo linaning'inia. Kwenye ule ukijivu lilionekana waziwazi kuliko kwenye picha iliyokamilika, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Pale kulirekebisha kungenichukua nusu siku. Baada ya kurenda ilibidi mikono ichezeshwe upya, kitambaa kikokotolewe upya kinavyoanguka, kisha zile fremu zote zirendiwe tena. Nani alipe? Tulivutana wiki nzima.

Wapo wanaosema mtu asiye fundi hawezi kuelewa kitu ambacho hakijakamilika. Sikubali. Mwezi Septemba 1991 Disney walipeleka filamu ya Beauty and the Beast kwenye tamasha la filamu la New York ikiwa haijaisha. Takriban asilimia 30 ilikuwa bado michoro ya penseli na storibodi. Watazamaji waliambiwa mapema wanachokwenda kuona, wakatazama, na mwisho wakasimama kupiga makofi. Hadithi waliifuata vizuri tu.

Wengine wataniambia mambo yamebadilika. Ni kweli pia. Programu ya katuni iitwayo Blender, ambayo ni ya bure, ina injini ya kurenda iitwayo Eevee inayotoa picha nzuri karibu papo hapo, na filamu ya Flow ya Latvia iliyorendiwa kwa injini hiyo ilishinda Oscar mwaka 2025. Mimi nami naitumia kazi inaponiruhusu. Lakini Eevee haitamwambia mtu kwamba chandarua hakijachomekwa.

Na sisi mafundi tuna letu la kujibu. Kumtumia mtu kipande cha kijivu bila maelezo yoyote, halafu ukashangaa akikisambaza kwenye magrupu kuwa ndiyo kazi yenyewe, huo ni uzembe. Rasimu iandikwe RASIMU katikati ya picha, kwa herufi kubwa. Iambatane na fremu moja ya kila onyesho iliyorendiwa kamili, ili rangi za nguo na kuta zikubaliwe hapo hapo. Kama yule kijana hakumwonyesha msomaji wetu fremu ya namna hiyo, basi gharama ya kanga ni yake. Kama alionyesha na akajibiwa sawa, alipwe chake.

Kwangu nimeongeza kifungu kwenye mkataba: atakayesaini kupokea kazi ndiye atakayesaini rasimu, si msaidizi wake. Juzi kampuni moja ilikikataa. Wakasema bosi wao hana muda wa kukaa kuangalia vinyago vya kijivu. Nikawaambia ni sekunde 30. Wakasema hata hizo hana, na kazi yao sikuichukua.

Mchora katuni,
Sinza, Dar es Salaam