Maziwa ya kienyeji sawa, lakini msituuzie rangi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niseme hili la maziwa maana limenikaa kooni tangu Ramadhani. Mi nakaa Kisauni, asubuhi nauza chai na mahamri, kwa hivyo maziwa nanunua kila siku ya Mungu. Sa hii kijana anayeniletea kwa baiskeli ana maneno mapya, "Mamangu haya si ya gredi, haya ya ng'ombe wa nundu, angalia yalivyo manjano, hiyo yote ni vitamini," na hapo ashaniongeza shilingi 30 kwa lita. Nalipa. Nikifika jikoni nachemsha, nayaacha yapoe, nangoja malai na malai yenyewe haionekani, juu kuna kiutando tu ukipuliza kinakimbia.

Ng'ombe wetu siwapingi, msinielewe vibaya. Marehemu babangu alikuwa nao Kinango, ndama akishanyonya unapata lita moja, ukibahatika mbili, lakini malai yake wallahi mwiko unasita. Wa nundu maziwa yake mafuta yafika asilimia 5 hivi, yule Friesian mweusi kwa mweupe ni kama 3 na nusu. Na vitamini A na E zinakaa mle mle kwenye mafuta (D pia, ingawa kwa maziwa ni haba), kwa hivyo kikombe kwa kikombe wa kienyeji hapo ana lake la kujivunia.

Lakini rangi jamani! Umanjano unatoka kwa nyasi mbichi, kitu kinaitwa karotini, hicho hicho cha kwenye karoti. Pale Kinango masika maziwa yalikuwa manjano, ikija kiangazi nyasi zimekauka ng'ombe ni yule yule nundu ni ile ile na maziwa meupe. Wa gredi naye akilishwa majani mabichi atamshinda wa kienyeji anayetafuna mabua. Na mbuzi je? Maziwa yake meupe kama chokaa na vitamini A imo, sababu mbuzi ile karotini huigeuza karibu yote kuwa vitamini kabla haijafika kiweleni.

Sasa nifahamisheni kitu kimoja. Hiyo karotini nayo inakaa kwenye mafuta. Mtu akiengua malai akaenda kupikia samli, vitamini A imeenda nayo na umanjano umeenda nao. Maziwa yangu malai hayana lakini manjano yapo, hayo manjano yametoka wapi? Sisemi kijana katia kitu, nauliza tu.

Halafu anayabeba kwa chupa za plastiki zile unaona ndani, zinaning'inia kwa baiskeli toka alfajiri mpaka saa tatu jua linawaka. Vitamini B2, ambayo maziwa yoyote yanayo ya kutosha, haipendi mwanga kabisa, inaharibika humo humo chupani. Heri mtungi wa alumini, hata kama umebonyea.

Na shoga yangu mmoja hapa mtaani ati hachemshi, asipoteze vitamini. Kinachopotea sana ni vitamini C, na hiyo kwa maziwa ilikuwa kidogo toka mwanzo, ale embe. A na B2 zinastahimili moto. Maziwa mabichi yanaweza kukuletea homa ya brusela au TB, na hapo utatafuta hizo 30 za dawa na hazitatosha.

Kijana nishamwambia, kesho ataniachia glasi moja mbichi niilaze usiku kucha, asubuhi tuitazame sote wawili. Malai ikipanda juu na yenyewe ikiwa manjano, namlipa bei yake bila neno. Ikiwa juu kweupe na chini manjano, atanieleza yeye.

Muuza mahamri,
Kisauni, Mombasa