Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Madereva wa Mabasi ya Mikoani

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: kamati ilikutana, waliofiwa walihudumiwa kutoka Mfuko wa Kufa na Kuzikana, na mikopo midogo ilitolewa. Hesabu zake atazisoma Mweka Hazina.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa kupima macho, ambao nimelaumiwa kila stendi ninayofika. Kamati, kwa pendekezo langu mwenyewe, ilitumia fedha za sherehe ya mwisho wa mwaka kumleta mtaalamu wa macho, na walioshindwa kuusoma mstari wa 6/12 wa ubao wa kupimia macho (yaani kukiona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 12) waliondolewa kwenye orodha ya madereva wa usiku tunayowapelekea wamiliki. Imesemwa kwamba nimewakatia watu riziki. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, dereva hukutana na lori bovu lisilo na viakisi mwanga huku taa za anayekuja zikimpiga usoni. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa basi hukata mita 22 kila sekunde. Alama ambayo mwenye macho mazima huisoma akiwa mita 100, mwenye 6/12 huisoma akiwa mita 50, ambazo kwa mwendo huo hata gari dogo haliwezi kusimama, na walioondolewa wana hali mbaya kuliko hiyo.

Nilisimama mwenyewe kando ya ubao wa herufi E, nikamwona mwenzetu akiziba jicho la kulia kwa kiganja huku akichungulia katikati ya vidole, maana la kushoto limefunikwa na mtoto wa jicho. Wengine walikuja na miwani ya machinga, ambayo ni ya kusomea karibu na huififisha barabara. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na hakuna aliyefukuzwa: atakayeleta cheti, jina lake litarudi siku hiyo hiyo.

Inasikitisha kwamba wanaolalamika zaidi hawaonekani mikutanoni. Mkutano wa Juni uliahirishwa kwa kukosa akidi, na zaidi ya nusu ya wanachama wanadaiwa ada, fedha ambazo zingechangia miwani ya wenzetu waliovuka miaka 40.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda na mfuko ukiruhusu, kurudia upimaji na kuongeza kipimo cha presha ya macho, maradhi yanayopunguza uoni wa pembeni bila maumivu yoyote. Wenye madeni wamwone Mweka Hazina kabla ya kuondoka ukumbini.

Mwenyekiti