Kocha asiishie kwa bosi wake

Mhariri,

Wanaodai kocha wa chuo ametimiza wajibu akishamweleza bosi wake tuhuma kwamba mfanyakazi mwenzake ananyanyasa watoto kingono, warudi kwenye kesi ya Chuo Kikuu cha Penn State, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2001 Mike McQueary, mwanafunzi wa uzamili aliyesaidia makocha, alimkuta Jerry Sandusky, kocha msaidizi wa zamani wa timu hiyo, na mtoto kwenye bafu la wachezaji. Alimwambia kocha mkuu, Joe Paterno, naye akamwambia mkurugenzi wa michezo. Polisi hawakuambiwa. Habari ilipofika kwa rais wa chuo ilikuwa imepoozwa hadi ikaitwa mchezo wa kusukumana tu! Sandusky alikamatwa 2011, na mwaka uliofuata akatiwa hatiani kwa makosa 45.

Sheria ya Pennsylvania wakati ule ilimruhusu mfanyakazi kumjulisha mkuu wake na kuishia hapo. Ndipo palipovuja. Tangu mwisho wa 2014, anayewajibika kisheria kuripoti hufanya hivyo mwenyewe kwa ChildLine, huduma ya jimbo ya kupokea taarifa za unyanyasaji wa watoto, mara moja. Akipiga simu, maandishi yafuate ndani ya saa 48. Bosi huarifiwa baada ya hapo.

Kocha aandike siku hiyohiyo: nani, wapi, saa ngapi, na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, hata yakiwa machafu. Asimhoji tena na tena. Maswali mengi huharibu ushahidi. Wala asimwite mtuhumiwa ajieleze kwanza, maana atampa muda wa kufuta ujumbe na kuwatisha mashahidi. Asingoje uthibitisho, shaka yenye msingi inatosha, uchunguzi waachiwe polisi na maofisa wa ustawi wa watoto.