Hiyo Udzungwa ya siku moja mmeiona wapi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu enzi zile tukipokezana nakala moja wodini, zamu ya usiku ikiiachia zamu ya asubuhi, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ila makala yenu ya Jumapili juu ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa imenikaa kooni. Eti mtu aondoke Dar alfajiri, mchana awe analowa manyunyu ya maporomoko ya Sanje, usiku alale kitandani kwake. Mwandishi wako alifika kweli, au alisimuliwa na dereva?

Kwanza ile picha. Mbega mliyemweka juu ya habari, mwenye nywele ndefu nyeupe kichwani na midomo ya pinki, ni kima punju wa Zanzibar. Kwao ni msitu wa Jozani, Unguja. Mbega mwekundu wa Udzungwa wekundu wake uko utosini, kama kavaa kofia, na mwili umemkolea weusi wa kijivu. Na kama mlikosa picha yake, yuko kima aitwaye mangabi wa Sanje, ambaye wenyeji walimjua siku zote ila wataalamu wakaja kumtambua 1979, na ambaye duniani kote hapatikani nje ya milima hiyo. Huyo hata kutajwa hakutajwa.

Tuje kwenye saa. Kutoka Dar hadi Mang'ula, liliko geti la hifadhi, ni zaidi ya kilomita 300. Katikati barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 hivi, ambako mchana huruhusiwi kuzidi mwendo wa 70, na tembo akiamua kuvuka unamsubiri. Ukishafika Udzungwa gari haikusaidii tena. Hifadhi nzima, kilomita za mraba 1,990, haina barabara ya kuzungushia watalii. Ni miguu yako tu. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170, na kuyapanda na kurudi ni shughuli ya saa tatu, nne, kwa mwenye magoti mazima. Sasa pigeni hesabu wenyewe.

Mimi hesabu hiyo nimepigiwa mgongoni. Kikundi chetu cha kikoba, wengi ni akina mama watu wazima, tulilipia safari kwa kampuni moja, jina silitaji, iliyotuletea tangazo lenye maneno kama hayo yenu. Tukaambiwa saa kumi na moja alfajiri tuwe stendi ya Msamvu, hapa Morogoro. Kostaa ikafika saa mbili kasoro, nusu imejaa vijana waliotoka Dar usiku, na siti mbili za nyuma kakalishwa spika. Mikumi mjini tukasimama supu, na supu ikageuka nyama choma, kwa sababu dereva alikuwa na shemeji yake pale. Kidatu, kujaza mafuta. Kijiji cha Sanje tukakipita kwa kasi, mimi niliyezaliwa maeneo hayo nasema jamani, si hapa pa kupandia? Nikajibiwa, mama tulia, kuna utaratibu. Tunafika geti la Mang'ula saa saba imeshapita. Mwongoza wageni, kijana mpole, buti zimemlowa matope, akatazama saa, akatazama ndala za wenzangu, akasema Sanje kwa leo haiwezekani, msituni giza linawahi. Hakupandisha sauti. Aliyepandisha ni yule bwana wa kampuni: "Hawa wameshalipa!" Basi tukapelekwa kwenye maporomoko madogo ya karibu na ofisi, yanayoitwa kwa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi aliyekuja kuifungua hifadhi 1992. Mazuri, sina ubishi, lakini si yale tuliyoyalipia. Na hapo hapo vijana wakawasha spika. Mhariri, mbele ya maji yanayonguruma, mtu anaongeza sauti ili muziki uyashinde maji! Mbega tuliowaona ni matawi yakitikisika wakikimbia. Kijana wa watu akawaomba wazime, wakapunguza kidogo, akigeuka wanapandisha. Mwenzetu mmoja akateleza na ndala zake akakaa kwenye maji, na wa kwanza kumfikia alikuwa mwenye simu ya kurekodi. Tukaingia Morogoro usiku wa manane. Asubuhi ujumbe kwenye kundi: tafadhali tupeni nyota tano.

Na pale pembeni ya maji waliacha chupa na vikopo. Hili linaniuma kuliko nauli yangu. Mama yangu alipikia kuni za msitu ule. Wanawake wa Mang'ula walikuwa wanaruhusiwa kuokota zilizokauka, kwa siku maalumu, mpaka 2011 ikakatazwa kabisa. Sababu ya kukataza ilielezwa na wengi waliielewa. Lakini unamkataza mtu kijiti kilichoanguka chenyewe, halafu aliyekata tiketi anamwaga taka mle ndani na kuitwa mdau wa utalii wa ndani? Mifuko ya plastiki tulipigwa marufuku tangu Juni 2019, tukatii, tunabeba vikapu. Hao kina mdau hata ndizi za wale mabinti wa nje ya geti hawakununua, chakula kilipakiwa kwenye maboksi tangu mjini. Kijiji kimebaki na maboksi.

Napendekeza hivi. Kundi la kwenda Sanje na kurudi likifika baada ya saa nne asubuhi, ligeuzwe, liende likaimbe mbele kwa mbele. Spika ibaki getini kwa stakabadhi, na mwenye spika haipati mpaka alete chupa kumi na mbili alizookota mwenyewe njiani, zikiwa tupu. Tangazo lolote lenye maneno "siku moja" na "Udzungwa" liandikwe pia saa ya kuondoka na jina la shemeji wa dereva.

Nanyi gazetini mtumeni mwandishi akalale Mang'ula usiku mbili, nyumba za wageni zipo, aamshwe kabla jua halijachomoza awasikie hao mangabi wakiitana, sauti yao inavuka bonde. Kikoba chetu kiko tayari kumchangia nauli ya basi la abiria. Akirudi siku hiyo hiyo, nauli tunaidai.

Muuguzi mstaafu,
Kihonda, Morogoro