Kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito: somo la lishe ni jambo moja, kuhesabiwa miezi ni jingine

Mhariri,

Ndugu zetu walioko Marekani, wakiambiwa na bima wahudhurie kliniki ya lishe miezi mitatu au sita kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito, wengi huona wanazungushwa. Kuhusu miezi, hawajakosea sana. Chama cha madaktari wa upasuaji huo nchini humo kilisema tangu 2016 kwamba hakuna ushahidi kuwa masharti hayo ya bima yanamfaa mgonjwa. Mwaka 2022 kilipendekeza BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 35 itoshe hata kwa asiye na maradhi mengine, lakini bima nyingi zimeng'ang'ania kipimo cha 1991: 40, au 35 kwa mwenye kisukari, presha au maradhi mengine makubwa yanayoletwa na unene. Kwa mtu wa sentimita 168, hiyo ni tofauti ya kilo 99 na 113.

Somo lenyewe la lishe, hata hivyo, lisidharauliwe. Baada ya upasuaji mfuko wa chakula hubaki mwembamba kama ndizi, au mdogo zaidi ya hapo, na bado mwili unadai gramu 60 hadi 80 za protini kila siku. Yai moja lina 6, glasi ya maziwa 8, nusu kikombe cha maharage 7, samaki aliyeiva gramu 100 hukaribia 20 au kuzidi. Sahani yetu ya mlima wa ugali na kipande cha samaki pembeni haiwezi kufika huko. Samaki aliwe kwanza, ugali uje mwisho, nafasi ikibaki. Ugali na chapati, zisipotafunwa sana, hushikamana na kukwama. Mtu hubanwa kifua na kutapika. Maji yasinywewe wakati wa kula. Yasubiri nusu saa. Chai ya sukari nyingi, kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha mfuko mdogo wa chakula moja kwa moja na utumbo, huteremka haraka na kumwachia jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha.

Vidonge vya vitamini ni vya maisha. Chuma na kalsiamu vipishane saa mbili, na chuma kisimezwe kwa chai. Anayetapika siku kadhaa mfululizo asingoje miadi: vitamini B1 huisha upesi, na mishipa ya fahamu ikidhurika huenda isipone.

Wiki mbili za mwisho kabla ya upasuaji, hospitali nyingi huagiza vyakula vya majimaji, kalori 800 hadi 1,000 kwa siku. Lengo ni kusinyaza ini lililojaa mafuta, kwa kuwa limeufunika mfuko wa chakula na daktari lazima alinyanyue. Anayetumia insulini apangiwe upya dozi na daktari wake kabla ya kuanza, la sivyo sukari inaweza kushuka ghafla.

Sasa makaratasi, ambako wengi huangukia. Kwanza piga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima, uulize kama upasuaji huu umo kwenye mkataba, maana waajiri wengine wameuondoa kabisa na hakuna kliniki itakayobadili hilo. Ukiwemo, uliza ni miezi mingapi, kama lazima ifuatane, nani anakubalika kuandika ripoti, na kama uzito unaohesabiwa ni wa siku ya kwanza. Hili la mwisho lipate kwa maandishi, usije ukajitahidi hadi ukashuka chini ya BMI ya 35 ukaambiwa hustahili tena. Kila ziara ionyeshe tarehe, uzito uliopimwa palepale, chakula, mazoezi na sahihi. Miezi ikitakiwa kufuatana, anayesafiri Desemba kwenda msibani bila kupanga ziara ya mwezi huo anaweza kuambiwa aanze kuhesabu miezi upya.

Ukikataliwa, bima nyingi za kazini zinakupa siku 180 za kukata rufaa, na ukishindwa hapo, miezi minne ya kuomba mchunguzi huru asiye wa bima hiyo. Isome barua ya kukataa kwa makini. Wakati mwingine kinachokosekana ni ukurasa mmoja tu wa ziara ya tatu.

Na mkalimani wa Kiswahili ombeni siku ileile mnapopanga miadi. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kumtoa bila malipo, hivyo hakuna sababu ya kumtoa mtoto shuleni aje kumtafsiria mama yake dozi za insulini.

Mtaalamu wa lishe,
Ohio, Marekani