Jumamosi: makanisa yenye picha za mchoraji Caravaggio, Roma (muda umebadilika)

Habari za jioni ndugu zangu. Tumeuwahisha muda kidogo kuliko ule wa awali, maana makanisa mengi hapa hufunga mchana na mara iliyopita tuliishia kutazama milango.

1. Tukutane saa 3:00 asubuhi ya kwetu (kwenye simu ni 9:00, msije mkachanganya tena!) Piazza del Popolo, chini ya ule mnara wa Kimisri.

2. Tunaanza Santa Maria del Popolo: Paulo kaanguka chini ya farasi, na Petro anasulubiwa. Kisha tunashuka Via di Ripetta kwa miguu, kama dakika 20, hadi Sant'Agostino. Pale msikimbilie kumtazama Bikira Maria tu. Angalieni nyayo chafu za yule mhujaji aliyepiga magoti. Tunamalizia San Luigi dei Francesi, penye picha tatu za Mathayo.

3. Kiongozi wa kulipwa hakuna, ni sisi wenyewe. Kuingia ni bure, ila njooni na sarafu: taa za kwenye picha huwaka ukitumbukiza, na huzima haraka.

4. Mabega na magoti yafunikwe. Kina dada, khanga mkobani inatosha.

5. Chakula cha mchana: euro 10 kila mtu, kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.

Mama Neema, maji bado ni yako? Wengine andikeni "NAKUJA" na idadi ya watoto, tafadhali, leo au kesho.