Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma, Kunduchi, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, viongozi wa serikali ya mtaa, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kuketi nasi. Klabu yetu ilianza na wanafunzi tisa chini ya mwembe. Leo tuko sitini na wawili, na sifa zetu zimevuka mipaka ya kata. Tumeunda kipimaupepo kwa vikombe vya plastiki na spoku za baiskeli, na tumewafundisha wadogo zetu wa shule ya msingi kukisoma. Ni mafanikio makubwa kwa klabu isiyo na bajeti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu wavuvi wanaujua upepo wa bahari hii kwa majina: kaskazi, kusi, maleleji. Sisi tunataka kuujua kwa tarakimu, kwa sababu upepo wa baharini sasa ni umeme. Mwaka 1991 Denmark ilisimamisha mitambo 11 baharini huko Vindeby, na yote pamoja haikufika megawati 5. Siku hizi mtambo mmoja tu wa baharini hufika megawati 15. Hapa kwetu kusi huvuma kwa nguvu masika yakiwa yamekwisha na mito inaanza kupungua, kwa hiyo upepo ungelisaidia Bwawa la Julius Nyerere pale linapohitaji msaada.

Umeme huo haununuliwi mafuta wala gesi. Gharama zake nyingi hulipwa mwanzoni: misingi, nguzo, mapanga yanayozungushwa na upepo, nyaya za chini ya bahari, meli za kusimamishia. Fedha hizo hukopwa, na mkopeshaji asiyeujua upepo huongeza riba. Kukosea kipimo ni hasara kubwa, maana upepo wa mita 8 kwa sekunde hubeba nguvu mara 8 ya upepo wa mita 4. Anayetaka umeme nafuu wa baharini huanza kwa kupima.

Hapo ndipo tulipokwama, Mheshimiwa. Kipimaupepo chetu kiko mita 6 tu kutoka ardhini, nyuma ya paa na minazi, na anayekisoma ni mwanafunzi mwenye daftari. Usiku hakisomwi. Likizo hakisomwi. Msimu mzima wa kusi umepita bila usiku hata mmoja kupimwa. Tunaomba mlingoti wa chuma wa mita 30, vipimaupepo vitatu vya kufungwa katika urefu tofauti, na kifaa cha kurekodi kinachotumia sola. Hatusemi kwamba benki itakopesha kwa vipimo vya shule. Tunasema kwamba siku wapimaji watakapohitajika, watoke Kunduchi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, ombi hili si geni katika uwanja huu. Mwaka juzi mgeni rasmi alilipokea kwa mikono miwili, akaahidi mbele ya wazazi hawa hawa kwamba mlingoti ungesimama kabla ya kusi. Tulipiga makofi, na kesho yake tukachimba shimo la msingi. Mwaka jana mgeni mwingine alituongezea ahadi ya mifuko 20 ya saruji. Shimo lipo hadi leo, tumelizungushia kamba ili mtoto asitumbukie. Wenzetu walioshika majembe siku ile wamemaliza kidato cha nne bila kuuona mlingoti. Tunaelewa kwamba viongozi wana majukumu mengi, ila nasi tunazidi kuondoka kila mwaka.

Profoma ya fundi tumeiambatanisha na risala hii. Kabla hujaondoka, tunakuomba utembelee shimo hilo pamoja na mwalimu wetu wa Fizikia, kisha utuandikie kwenye kitabu cha wageni tarehe ya kuletwa mlingoti. Tarehe tu, Mheshimiwa, na sahihi yako chini yake.

Tunaomba kuwasilisha.